Gereji ya kupanga: pesa ikiwa kidogo, itangulie wapi

Mkuu, umesema umepanga gereji ya gari moja kwa mkataba wa mwaka, unataka iwe karakana ya useremala na matengenezo madogo, na pesa uliyobaki nayo inatosha jambo moja kubwa: ama rangi ya epoksi ya sakafu, ama makabati ya ukutani. Unauliza uanze na lipi. Mimi ningekushauri usianze na lolote kati ya hayo.

Nimefanya kazi kwenye gereji za watu kwa miaka mingi na nimehama zaidi ya mara moja. Kila ninapotaka kununua kitu huwa najiuliza: siku nikirudisha funguo, hiki kinaondoka na mimi au kinabaki kwa mwenye nyumba? Kinachoondoka nakinunua kizuri. Kinachobaki nakifanya kwa gharama ndogo kabisa, au namwomba mwenye nyumba akilipie, maana jengo ni lake. Hesabu hiyo naiweka kando pale tu panapohusu umeme na moto, kwa sababu hapo kinacholindwa ni uhai.

Epoksi inabaki, tena yote. Na huenda isidumu hata wewe ukiwa bado umo humo. Kabla hujafikiria rangi ya sakafu, fanya jaribio la nailoni. Kata kipande cha nailoni nzito inayoonyesha, kama sentimita 45 kwa 45, ukibandike juu ya zege kwa utepe pande zote nne pasiwe na upenyo, ukiache kwa saa 16 au zaidi. Ukikibandua ukakuta matone upande wa chini, au zege limekuwa jeusi zaidi kwa kulowa, unyevu unapanda kutoka ardhini na rangi itabanduka hata ukinunua ya bei gani. Matone yakiwa juu ya nailoni, unyevu ni wa hewani, na hapo dawa ni kupitisha upepo. Jirani yangu wa gereji moja niliyowahi kukaa alipaka bila kupima. Mvua za kwanza tu, rangi ikaanza kuvimba malengelenge, na kuikwangua kulimchosha kuliko kuipaka.

Sakafu yako ifagie, isugue kwa brashi ya waya pale penye mafuta, kisha ziba nyufa na mashimo kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu. Ufa uusafishe na uulowanishe kwanza, la sivyo zege kavu litanyonya maji ya mchanganyiko wako na kiraka kitang'oka. Kiraka nacho kifunike kwa gunia lenye maji kwa siku kadhaa kikomae. Mahali utakaposimama muda mrefu weka zulia la mpira. Miguu na mgongo vitakushukuru, patasi ikidondoka haitavunjika ncha, na siku ya kuhama unalikunja unaondoka nalo.

Kuta zipake chokaa, kama mwenye nyumba ameridhia. Hiki ni kitu kinachobaki, lakini gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na faida. Ukuta wa saruji usiopakwa unameza sehemu kubwa ya mwanga, ule mweupe unaurudisha, kwa hiyo kila taa utakayonunua itafanya kazi zaidi. Chokaa pia inaacha ukuta upumue na ukungu hauipendi. Ukiona unga mweupe wa chumvi umejitokeza ukutani, usiuoshe kwa maji, utaurudisha ndani. Upanguse kwa brashi kavu kwanza. Na uvae miwani na glavu, chokaa mbichi inaunguza macho vibaya sana. Ukuta uliowahi kupakwa rangi ya mafuta, acha, chokaa haitashika.

Sasa taa. Hapa ndipo ningetia pesa ya kwanza, na sibabaiki kusema hivyo. Mtu anaweza kufanya kazi nzuri kwenye meza mbovu, lakini asiyeona mstari wa penseli atakata vibaya na siku moja atajikata mwenyewe. Fanya hesabu hii. Gereji ya mita 3 kwa 6 ina mita za mraba 18. Kwa kazi za karakana unataka angalau luksi 300 (kipimo cha mwanga unaoangukia kila mita ya mraba) chumba kizima, na 500 hivi juu ya meza. 18 mara 300 ni lumeni 5,400, yaani jumla ya mwanga, zinazotakiwa kufika chini. Mwanga mwingi unapotelea darini na kutani, kwa hiyo panga kununua karibu mara mbili, tuseme lumeni 10,000. Taa ndefu ya LED ya futi nne, ya wati 18 au 20, hutoa kama lumeni 1,800 hadi 2,000. Basi ni taa tano, na zote kwa pamoja zinakula wati zisizozidi 100. Chagua zenye kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4,000 hadi 5,000. Mwanga wa rangi ya manjano ni wa sebuleni, hauonyeshi vizuri mikwaruzo wala tofauti za rangi ya mbao.

Mahali pa kuzitundika pana uzito kuliko hata idadi yake. Wengi wanafunga taa katikati ya dari, kisha wanafanya kazi wakiwa wameipa mgongo, na kivuli chao kinaangukia palepale wanapokata. Taa mbili ziwe juu ya ukingo wa mbele wa meza, au mbele yako kidogo, zilizobaki zigawane chumba. Mimi huzifunga kwenye ubao mwembamba, ubao nautundika kwa kulabu na minyororo, na taa nazipa plagi badala ya kuziunganisha kwenye nyaya za nyumba. Siku ya kuhama, nachomoa na kushusha. Kama una mashine inayozunguka, epuka taa zinazopepesa. Kwenye umeme wa hezi 50 taa mbovu inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na msumeno unaozunguka unaweza kuonekana kama umesimama. Usiguse ukidhani umezima.

Kwenye umeme wenyewe, mwite fundi umeme aliyesajiliwa, hata kama itakubidi uahirishe kununua kifaa fulani. Mwombe mambo matatu: apime kama ethi, waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja, inafanya kazi kweli, kwa sababu soketi yenye matundu matatu si ushahidi wa ethi, akuambie waya uliomo ukutani una unene gani, na aangalie kama breka, swichi inayojikata umeme ukizidi, inalingana na huo waya. Breka ipo kulinda waya. Ikiruka mara kwa mara na mtu akakushauri ubadilishe uweke kubwa zaidi, mkatalie, maana waya utaungua ndani ya ukuta kabla breka haijastuka. Penye volti 230, soketi ya ampea 13 inabeba takriban wati 3,000. Msumeno wa wati 1,400 pamoja na mashine ya kufyonza vumbi ya wati 1,200 vinaenea. Ukiongeza birika la umeme, umepitiliza. Kompresa, mashine ya kugandamiza hewa, ni tatizo jingine, kwa sababu mota yake inapoanza inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishakolea. Isiwake pamoja na mashine nyingine kubwa.

Nunua kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30, cha aina ya kuchomeka kwenye soketi. Hicho kinahama na wewe, na ndicho kitakachokata umeme iwapo utakata waya wa mashine kwa msumeno au kushika kifaa kilichoingia maji. Waya wa kuongezea uwe mfupi na mnene, na kama umezungushwa kwenye gurudumu, ukunjue wote hata kama unahitaji mita mbili tu. Ukibaki umezungushwa joto halina pa kutokea na mpira unayeyuka.

Meza ya kazi jitengenezee, na uifunge kwa bolti bila gundi. Huo ndio utofauti wa meza ya mpangaji. Miguu ya mbao ya milimita 90 kwa 90 au karibu na hapo, vyuma vya bolti vinavyopita pande zote mbili, na juu karatasi mbili za plaiwudi ya milimita 18 zilizofungwa pamoja kwa skrubu kutokea chini. Mlango wa zamani wa mbao ngumu nao ni uso mzuri sana wa meza. Ule mwepesi wenye uwazi ndani usiuguse, utatoboka kwa nyundo ya kwanza. Ukitaka meza isiyotikisika, siri haiko kwenye unene wa miguu. Iko kwenye kipande cha plaiwudi au ubao wa mshazari nyuma yake, unaozuia isiyumbe kushoto na kulia. Kimo kipime kwa mwili wako: simama wima, mikono ining'inie, uso wa meza ufike kwenye kifundo cha mkono. Kwa wengi inaangukia sentimita 85 hadi 95. Ukiwa mtu wa kupiga randa muda mrefu, shusha kidogo uweze kusukuma kwa uzito wa mwili. Upana sentimita 60 unatosha. Zaidi ya hapo ukingo wa nyuma unageuka ghala la takataka.

Jiliwa, kifaa cha kubana kazi mezani, inunue ya mtumba, nzito, ya chuma. Iangalie meno na skrubu yake, ufungue na kufunga mpaka mwisho. Kutu ya juu si kitu, inatoka kwa brashi na mafuta. Ufa kwenye mwili wake ndio wa kukukimbiza.

Kuhusu makabati uliyoyataka, subiri. Fanya kazi wiki kadhaa vifaa vikiwa kwenye maboksi na ndoo, utajua mwenyewe ni kipi unakishika kila saa na kipi unakitafuta mara moja kwa mwezi. Ukijenga kabla, utajenga kwa kubahatisha. Kisha tafuta makabati ya mafaili ya chuma yanayotupwa na maofisi, au ya jikoni yanayobomolewa nyumba ikifanyiwa ukarabati. Droo za chuma zinabeba uzito ambao droo mpya za bei hiyo haziwezi. Kwa vifaa vya mkono, simamisha karatasi moja ya plaiwudi sakafuni, iegemee ukuta, ifunge juu kwa skrubu mbili tu. Juu yake panga mbao zilizopasuliwa mshazari nyuzi 45, moja imefungwa kwenye plaiwudi na nyingine nyuma ya kila kishikizo, ziumane. Unaweza kupanga upya vishikizo vyote bila kutoboa ukuta wa mtu, na mwishoni unaziba mashimo mawili kwa puti.

Mbao za paleti, vile vichanja vya kupangia mizigo, ni mali nzuri ya bure, ila soma muhuri. HT maana yake zimetibiwa kwa joto, nyuzi 56 za selsiasi mpaka kiini cha mbao kwa dakika 30, hizo chukua. MB ni sumu ya methili bromidi, ziache. Zisizo na muhuri, au zenye madoa ya kemikali, usizipasue wala kuzichoma.

Vifaa vya chuma visikae kwenye ukuta wa nje wala sakafuni. Hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 60 hivi, kutu inakwenda mbio. Pangusa kwa mafuta mepesi au nta, na visu vya randa vikae ndani ya boksi linalofunga.

Moto nitausemea kwa nguvu kwa sababu gereji nyingi zina mlango mmoja. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta usivikunje ukavitupa kwenye pipa. Mafuta hayo yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichobanwa kinaweza kuwaka chenyewe usiku bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, au vizamishe kwenye kopo la chuma lenye maji na ulifunike. Petroli isiingie kabisa, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni ukitafuta cheche. Grainda usiiwashe penye maranda, cheche zake zinaruka mita kadhaa na zinaweza kufukuta humo muda mrefu baada ya wewe kufunga mlango. Kizima moto kikae karibu na mlango, ili kukifuata kukupeleke upande wa kutokea. Jenereta au jiko la mkaa ndani, hapana, hata mlango ukiwa wazi, kaboni monoksaidi haina harufu.

Vumbi la mbao Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo barakoa ya daraja la FFP2 iwe kwenye orodha yako ya kwanza kabisa. Feni nayo iweke mlangoni ikipuliza kwenda nje, na ufungue tundu au dirisha upande wa pili hewa safi iingie.

Mwenye nyumba mwone mapema, kabla hujashika brashi. Piga picha kila kona, nyufa na madoa yote, umtumie siku hiyohiyo. Kisha mwandikie unachotaka kufanya: chokaa, kuziba nyufa, fundi wa umeme. Mwombe gharama ya umeme ikatwe kwenye kodi, maana nyaya na breka zitabaki kuwa zake. Wengi wanakubali ukiwapelekea maandishi ya fundi yanayosema kuna hatari gani. Akikataa kabisa kurekebisha ethi iliyokufa, hiyo gereji usifanyie kazi ya umeme, tafuta nyingine.

Ukishafanya jaribio la nailoni niambie ulichokuta, pamoja na urefu, upana, kimo cha dari na upande zilipo soketi. Nitakuchorea taa zikae wapi na meza ielekee wapi.