Kabla hujatoa laki nne kwa sabufa la "wati 18,000", geuza nyuma

Usilipe. Mkuu, kama hela bado iko kwenye simu, iache hukohuko.

Umeandika kwamba una laki nne, sebule yako ya Buhongwa ni ya kawaida tu, unataka mziki mzuri jioni na mpira wikiendi, na kuna jamaa mjini Mwanza anakushikia sabufa lenye spika mbili ndefu, "wati 18,000", mpaka Jumamosi. Halafu ukauliza maswali manne: uchukue hilo au saundiba (ile spika moja ndefu ya kulaza chini ya TV), blutuu inaharibu sauti au la, litapiga kwa sola, na uliweke upande gani wa sebule. Mimi nilipofika kwenye hiyo 18,000 nikashindwa kuendelea kusoma. La kwangu lilikuwa 15,000. Naona wameongeza 3,000, vitu vyote vimepanda.

Mwaka 2021 nilipokea upatu wa kazini, laki tano taslimu. Nikashuka kwenye daladala mjini, sijapiga hata hatua ishirini, winga, wale vijana wanaovutia wateja madukani, huyu hapa. Kijana msafi, kaongea vizuri, kanibebea hadi mwavuli. "Bosi, unatafuta mziki? Nikupeleke kwa watu wa uhakika." Nikamfuata kama kondoo.

Dukani wakawasha. Flashi ilikuwa imeshachomekwa, wimbo umeshachaguliwa, na ule wimbo, nimekuja kuelewa baadaye, ulikuwa na besi tupu mwanzo mwisho. Hakuna mtu anayeimba humo. Geti la chuma likawa linatetemeka. Winga akanishika mkono akauweka mbele ya lile tundu la sabufa: "Sikia huo upepo, bosi. Hii ukiwasha Igoma, Kisesa wanacheza." Kweli upepo ulikuwepo. Nililipa 450,000 nikanunua upepo.

Na nilijiona mjanja, maana walianzia 520,000. Miezi baadaye kijana mwingine wa palepale akaniambia winga alichukua elfu hamsini yake nilipogeuka tu mlangoni. Kwa hiyo ule mwavuli niliukodi, na ulikuwa wa bei mbaya kuliko mwavuli wowote Kanda ya Ziwa.

Sasa sikiliza kilichotokea nyumbani. Jumamosi ile Simba na Yanga. Baba mdogo alikuwa amevuka kutoka Nansio kuja kutibiwa macho, majirani wawili nimewaalika mwenyewe, kwa maringo. Nimeunganisha TV na sabufa, nimezima taa ya sebule ili zile taa za bluu za kwenye spika zionekane. Mpira ukaanza. Mke wangu akawa wa kwanza: "Mbona huyu mtangazaji anaongea kama amejifunika blanketi?"

Nikaongeza sauti. Vikombe kwenye kabati vikaanza kugongana, lakini neno hata moja halikusikika. Ni buum, buum, halafu kelele za uwanjani. Nikachukua rimoti, nikapunguza besi hadi sifuri. Ikabaki sauti ya nyuki ndani ya debe. Nikarudisha. Jirani mmoja akasema labda ni antena. Asante sana, jirani.

Baba mdogo hakusema kitu. Akainuka taratibu, akaingia chumbani, akarudi na kiredio chake cha mawe mawili, kimefungwa mpira wa baiskeli sehemu ya betri. Akakiweka juu ya sabufa langu. Juu yake! Akasema, "Hebu zima hilo lako kidogo, mwanangu, tusikie." Mtangazaji akasikika kila silabi. Kasoro moja tu: redio ilikuwa inatangulia picha, kwa hiyo tulishangilia goli wakati kwenye TV mpira bado uko katikati ya uwanja. Ndivyo tulivyomalizia ile mechi. Laki nne na nusu imekaa chini, imegeuka meza ya redio.

Ungedhani hapo nilijifunza. Wapi. Nikajipa moyo kwamba "inahitaji kuzoea". Mwezi wa tatu, siku ya ubatizo wa mtoto, likapigwa masaa mawili mfululizo, ukaja harufu kama plastiki imeangukia jikoni, kimya. Fundi wa kwanza elfu arobaini, likapiga wiki mbili. Fundi wa pili, mzee mmoja Nyakato, ndiye aliyenifungua macho. Alitoa skrubu nne za ile spika ndefu ya kulia, akaniita: "Njoo uone." Kila spika ilikuwa na duara tatu mbele: moja ya katikati na twita mbili zinazong'aa kama vifungo vya koti la harusi. Twita zile hazikuwa na waya. Hakuna waya, hakuna sumaku, ni kipande cha plastiki kimegundishwa. Mimi nimewahi kuwaambia wageni, "zile za juu ndizo zinazotoa sauti nyembamba." Nilisema hivyo mbele za watu.

Halafu akageuza sabufa lenyewe, akaweka kidole kwenye stika ndogo, chini kabisa, pale waya wa umeme unapoingilia: AC 220-240V, 50Hz, 60W. Sitini. Ilikuwa imeandikwa siku zote. Mimi nilisoma katoni mbele na ubavuni, nikasoma hadi maandishi ya Kichina kwa kuyaangalia, lakini nyuma sikugeuza.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na nitairudia mpaka unichoke: GEUZA NYUMA.

Fanya hesabu hii ukiwa umesimama dukani. Plagi ya ukutani kwetu ni ya ampea 13, umeme ni volti 230. Zidisha, unapata karibu wati 3,000. Hapo ndipo mwisho wa plagi. Birika la umeme lile linalochemsha maji dakika tatu lina kama wati 2,000. Sasa anakuambia hiki kisanduku ni wati 18,000, yaani mabirika tisa kwenye plagi moja? Lingekuwa kweli, lingekula uniti 18 za LUKU kwa saa moja, na ukuta ungeungua kabla wimbo haujafika kiitikio. Ng'ombe anayekula debe moja la pumba hakupi madebe mia tatu ya maziwa, hata ukimsifia vipi. Kinachoandikwa nyuma ndicho anachokula. Kinachotoka hakiwezi kuzidi hapo, labda kwa mkupuo wa kufumba na kufumbua.

Na huo mkupuo ndio waliougeuza biashara. Angalia katoni, utaona herufi PMPO karibu na ile namba kubwa. Hiyo haina kipimo kimoja kinachokubalika. Kila kiwanda kinajumlisha kinavyotaka. Ile inayosema nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo huitwa RMS, na mara nyingi ndiyo inayofichwa, au haipo kabisa. Muuzaji akikuambia "ni kitu kilekile", mwambie basi akupunguzie bei iwe ya RMS.

Na wala wati 60 si tusi. Sebuleni kwako, mziki ukipigwa kwa sauti ambayo watu bado wanaongea na kusikilizana, unatumia wati chache sana. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Ili sikio lione sauti imekuwa maradufu unahitaji kama mara kumi. Kwa hiyo hasira yangu si kwamba lilikuwa dogo. Ni kwamba hela yangu ilienda kwenye taa za bluu na twita za mapambo, wakati ingeweza kwenda kwenye sumaku na koni, lile duara linalotikisika likatoa sauti. Na hasira nyingine naielekeza kwa wale wa kufungua maboksi mtandaoni, wanaopiga kofi juu ya spika na kusema "mziki mnene sana huu wakuu". Ulishaona hata mmoja anaigeuza?

Baada ya hapo nilikaa mwaka mzima na kiredio cha baba mdogo (alikisahau, au alinihurumia, sijauliza). Nikaanza upya na vitu vilivyotumika. Nikapata amplifaya (mashine ya kukuza sauti inayosukuma spika) ya Kijapani, nzito, inang'aa, 150,000. Mkono umeshaenda mfukoni, nikakumbuka. Nikageuza: AC 100V. Umeme wa Japani ni volti 100. Ningeichomeka kwetu moja kwa moja ingetoa moshi sebuleni, na muuzaji ananiambia "umeme ni umeme, kaka". Nikanunua na transfoma ya kushusha umeme, elfu 45, inayobeba wati zaidi ya zile zilizoandikwa nyuma ya amplifaya.

Spika nikachukua jozi ya zile za kukaa kwenye rafu, wufa (ile spika kubwa ya besi) ya inchi sita na nusu, twita yenye waya (niliomba tufungue, ndiyo, nimekuwa mgonjwa), 120,000. Hizo hazina umeme wake, kwa hiyo nyuma unasoma omu, kipimo cha ukinzani wa spika: zangu ni 8, na amplifaya imeandikwa nyuma inakubali 6 hadi 16. Wati zilizoandikwa nyuma ya spika za namna hiyo ni zile inazoweza kubeba, zisikutie wazimu. Jozi ya kwanza niliyoonyeshwa niliiacha, maana ile sponji inayozunguka koni ilikuwa inamomonyoka kama mkate wa juzi. Ukikuta ya mpira ni bora zaidi. Isukume koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Ikikwaruza ndani, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imeharibika, ondoka.

Siku ya kwanza niliweka rumba ya zamani, sauti ya chini kabisa, watoto wamelala. Nikasikia kidole cha mpiga gitaa kinateleza kwenye waya kabla ya noti. Nikamwamsha mke wangu aje asikie. Hakufurahi kuamshwa, lakini alisema, "Huyu sasa hana blanketi."

Maswali yako mengine: saundiba au sabufa, sheria ni ileile, geuza nyuma. Blutuu haina tatizo kwa matumizi yako, iache kama ilivyo. Spika zitenge na ukuta kidogo, twita ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, na kama una sakafu ya saruji na bati bila dari, tandika zulia na weka pazia kwanza. La sola nimeshasahau ulivyouliza, lakini jibu liko kwenye ileile stika: wati zilizoandikwa pale ndizo sola yako inatakiwa kuzibeba.

Jumamosi ukifika, mwombe jamaa aligeuze hilo sabufa. Akikataa, au ukikuta stika imebanduliwa, panda daladala urudi zako Buhongwa. Akikubali, piga picha pale waya unapoingilia uilete hapa kabla hujatuma hela, nitakuwa macho. Na kama winga amevaa shati jeupe na ana mwavuli, mwambie yule wa Igoma anamsalimia.