Mbuzi watatu kwa mganga, akika ya mtoto hakuna

*Shangazi, shikamoo. Mke wangu alifariki miezi mitano iliyopita, siku aliyojifungua mtoto wetu wa tatu. Damu haikukatika. Nilikuwa safarini, simu haikupatikana, nikafika asubuhi yameshakwisha. Tumesoma hitima ya arobaini lakini mimi bado silali. Nimepata mtaalamu anayeweza kuniunganisha naye. Nimechinja mbuzi weusi watatu, 150,000 kila mmoja. Nimepeleka kanga zake, dhiraa saba za sanda na simu yake. Nimeuza kiwanja chake kwa 6,000,000, zimebaki 1,800,000. Sauti yake nimeisikia kwa masikio yangu, na aliniita kwa jina letu la ndani. Sasa mtaalamu anasema ili mlango ufunguke wote, mtoto mdogo apelekwe usiku mwezi ukiandama, akatwe nywele na kucha na kuchanjwa kidogo tu. Tatizo ni mama mkwe. Amewachukua watoto wote watatu, yuko nao Muheza, hataki kunipa. Mkubwa wa miaka tisa amemjaza maneno, anasema ananiogopa. Nifanyeje anipe mtoto wangu? Nataka nimuulize marehemu jambo moja tu. Baba wa Watatu, Chalinze.*

Marahaba mwanangu, na pole. Mwanamke anayefariki kwa uzazi, dini yako inamhesabu miongoni mwa mashahidi. Lishike hilo usiku usingizi ukikukimbia. Pole yangu naikatisha hapo, maana katika barua hii kuna mtoto mchanga, na mwezi hauchelewi kuandama.

Mama mkwe wako yuko sahihi. Asikupe mtoto. Hata ukienda na wazee, hata ukilia mlangoni, asikupe mpaka uwe umeachana na huyo unayemwita mtaalamu. Mama huyo amezika binti yake, na wiki hiyohiyo akaanza kuamka saa nane za usiku kuchemsha maji ya maziwa. Wewe unamwita tatizo.

"Kuchanjwa kidogo tu." Mwanangu, hiyo ni damu ya mtoto wa miezi mitano, kwa wembe wa mtu usiyejua jana aliutumia kwa nani. Hapo kuna pepopunda, kuna homa ya ini, kuna virusi vya UKIMWI. Na anayeomba nywele na kucha leo ataomba kingine mwezi ujao, kama alivyotoka kwenye mbuzi akafika kwenye kiwanja. Nchi yetu inajua mambo haya yanaishia wapi. Mwanzoni mwa 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na sababu ilikuwa maiti za ndugu zetu wenye ualbino. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inasajili waganga wanaotibu magonjwa. Hakuna anayesajiliwa kuita wafu, na anayejidai ana uwezo huo anavunja Sheria ya Uchawi. Muulize cheti chake, uone kama hatakuambia mizimu imekasirika.

Unasema sauti umeisikia. Nakuamini kwamba umeisikia. Ila soma tena orodha ya vitu ulivyompelekea. Ulimpa simu yake, na bila shaka na namba ya siri ya kuifungulia. Ndani ya simu ya mke kuna ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa miaka: anakuuliza umekula, anakugombeza, anawacheka watoto. Jina lenu la ndani liko humo, limesemwa kwa kinywa chake mwenyewe. Siku hizi kipande cha sauti kisichofika dakika moja kinatosha kwa programu za akili unde (AI) kutengeneza sauti ileile ikasema maneno ambayo mwenyewe hakuwahi kuyasema. Weka chumba cha giza, ubani mwingi, kanga yenye harufu yake, na mtu ambaye hajalala vizuri miezi mitano. Angesikia yeyote.

Mengine ni ya zamani. Yule kijana anayekaa na wateja kwenye benchi nje, anayekupa maji ya kunywa na kukuuliza umetoka mbali, ndiye anayepeleka habari ndani kabla hujaitwa. Yai linalopasuliwa likatoka sindano lilitobolewa mapema na tundu likazibwa kwa nta. Chetezo kinachowaka bila kiberiti kina chembechembe za zambarau za potasiamu pamanganeti chini ya majivu. Zikidondoshewa glisarini, hiyohiyo ya kupaka ngozi, moto unatoka wenyewe baada ya muda mfupi, na muda huo mganga anaujaza maneno. Malipo nayo yana mpangilio wake. Ya kwanza huwa madogo ili usiogope, kisha inakuja kafara, kisha mali, na kila hatua unaambiwa mlango umefunguka nusu. Likishindikana, kosa ni lako: ulivunja mwiko, ulimwambia mtu, uligeuka nyuma. Sharti la kutomwambia mtu ndilo kubwa kuliko yote. Angekuruhusu kumwambia ndugu mmoja tu mwenye akili timamu, kiwanja kingekuwepo mpaka leo.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe. Umenitajia bei ya mbuzi, rangi ya mbuzi, dhiraa za sanda, mpaka masalio ya pesa. Lakini usiku ule unasema "nilikuwa safarini, simu haikupatikana", basi. Safari ya wapi hukusema. Kazi yako hukusema. Mimba imefika mwezi wa tisa, simu ya baba haipatikani usiku kucha, na mwanamume anayekumbuka kila shilingi hakumbuki kueleza alikuwa wapi. Sikulazimishi uniambie mimi. Ila ninachokiona ni kwamba hilo "jambo moja tu" unalotaka kumuuliza marehemu si swali. Unataka akusamehe. Mganga hawezi kukuuzia msamaha wa mke wako, na sauti ya kutengenezwa ikikwambia nimekusamehe, alfajiri utaamka na mzigo uleule.

Kwenye hilo kuna mtu wa kumwendea. Nenda hospitali alikojifungulia, mchana, na cheti cha kifo, omba kuonana na mganga mfawidhi, yaani daktari anayeisimamia hospitali. Kila kifo cha mama mjamzito au mzazi kinatakiwa kujadiliwa na timu ya kituo: saa ngapi alijifungua, damu ilianza kutoka saa ngapi, alipewa nini, kilikosekana nini. Omba uelezwe kwa lugha nyepesi. Damu nyingi baada ya kujifungua, yaani kuanzia nusu lita, inaweza kumuua mwanamke mwenye afya kamili ndani ya saa chache. Wanaohitajika dakika zile ni mkunga, dawa ya kukaza mji wa mimba na damu ya kuongezewa. Huenda ukaambiwa simu yako isingebadili kitu. Huenda ukaambiwa walitafuta mtu wa kutoa damu wakakosa. Litakalosemwa litakuuma, lakini litakuwa la kweli, na kwenye la kweli mtu hupata pa kuanzia toba.

Kuna kitu kimenitoa machozi katika barua yako. Umechinja mbuzi watatu, na akika ya mtoto, yaani mbuzi wa kumchinjia aliyezaliwa, hukuitaja. Mtoto wenyewe umemtaja kwa "mtoto mdogo" tu, bila jina, jinsia sikuiona. Akika ya mtoto wa kike ni mbuzi mmoja, wa kiume wawili. Inafanywa siku ya saba, ikipita ya kumi na nne au ya ishirini na moja, na aliyechelewa kwa msiba bado anaweza kuifanya. Nywele za mtoto hunyolewa kwa kheri, zikapimwa, na uzito wake wa madini ya fedha ukatolewa sadaka. Nywele hizohizo ndizo huyo mtu anazitaka usiku. Na unajua hadithi ya Mtume: mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemuombea. Njia unayoitafuta ya kumfikia mama yao iko Muheza, imelala kwenye mkeka wa bibi yake.

Kiwanja nacho kina hesabu. Umeandika "kiwanja chake", maana yake kilikuwa na jina la marehemu. Basi hakikuwa chako kuuza. Mtu akifariki, mali yake inasubiri msimamizi wa mirathi: cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, kikao cha familia chenye muhtasari uliosainiwa, kisha ombi Mahakama ya Mwanzo kwa Fomu Namba 1. Tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, msimamizi anapewa Fomu Namba 4, na ndani ya miezi minne anapeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5. Wewe umeruka yote. Aliyekiuza hakuwa na mamlaka, kwa hiyo aliyenunua naye yuko hatarini, na akigundua atakuja kwako na polisi.

Kwa mgao wa dini yako, mke akiacha watoto, mume anapata robo. Mama yake anapata sudusi, yaani moja ya sita. Kwa 6,000,000, robo yako ni 1,500,000 na ya mama mkwe ni 1,000,000. Kama baba yake marehemu hayupo tena, zinabaki 3,500,000 za watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Kama una wa kiume wawili na huyu mdogo ni wa kike, kila kaka ana 1,400,000 na kichanga ana 700,000. Umetumia 4,200,000. Toa robo yako yote, bado umekula 2,700,000 za yatima na za bibi yao. Hizo 1,800,000 zilizobaki usiziguse hata kwa nauli.

Wala usiniambie mtoto wa miaka tisa amejazwa maneno. Mtoto wa umri huo anaijua sauti ya baba yake. Ameona baba anatoka usiku na kanga za mama mkononi, anarudi ananuka ubani na damu ya mbuzi, hasemi na mtu. Huyo ameogopa kwa alichokiona, hakufundishwa.

Na wanaume wengine mnaosoma hapa mkimsikitikia huyu, ngojeni kwanza. Ndoa za sasa zina kamati ya harusi ya watu thelathini, michango, sare, ukumbi, mpiga picha. Mke akishika mimba, kamati haipo. Ni wangapi mnajua kundi la damu la wake zenu? Kliniki wanawasihi mwende nao hudhurio la kwanza, mnatuma nauli. Mwezi wa nane mume anatakiwa awe anajua mambo haya bila kuangalia karatasi: mke atajifungulia wapi, gari ni la nani na dereva anapatikana saa nane za usiku, nani wawili watatoa damu ikihitajika, nani anabaki na watoto, pesa ya dharura iko wapi. Na simu iwe wazi, imechajiwa, usiku na mchana, mpaka mtoto atoke. Mnalala kitanda kimoja kila mtu na simu yake na namba yake ya siri, hamuulizani hata mguu umevimba tangu lini. Kisha mwenzako akishaondoka unatafuta mtu wa kumtoa kuzimu ili mzungumze. Zungumzeni sasa, angali jikoni anakuuliza chumvi imetosha.

Nirudi kwako. Kesho asubuhi usiende kwa huyo mtu, na usimpigie kumuaga. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, ueleze kwamba kuna mtu ameagiza mtoto mchanga apelekwe usiku achanjwe. Ukishindwa kutoka nyumbani, piga 116, ni bure, ni namba ya kusaidia watoto. Simu ya marehemu waache polisi waifuate. Laini yake kaifunge kwa cheti cha kifo, maana kama kulikuwa na pesa kwenye simu, hizo nazo ni mirathi. Atakutisha kwamba marehemu ataadhibika kwa sababu umekatisha kafara. Roho ya mke wako iko mikononi mwa aliyemuumba.

Kutolala kwako nako kukatibiwe. Hospitali ya wilaya au ya mkoa ulizia huduma ya afya ya akili, useme umepoteza mke na miezi mitano hulali. Ukifikiria kumfuata, sema hilo kwanza kabla ya yote.

Kisha nenda Muheza. Nenda mchana, na mtu mzima wa upande wako ambaye mama mkwe anamheshimu. Usiende mikono mitupu. Mtoto asiye na ziwa la mama anamaliza kopo la maziwa la gramu 400 kwa kama siku tatu, ni makopo kumi kwa mwezi, na miezi mitano hii sikuona katika barua yako nani analipa. Muulize bibi anatumia maziwa gani, usinunue ya kubahatisha. Omba kadi ya kliniki uisome: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zilipaswa kuwa zimekamilika, na akitimiza miezi sita anaanza uji na matone ya vitamini A.

Kuchukua watoto usikutaje. Kama kuna siku mtatofautiana juu ya malezi, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yupo, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inatazama maslahi ya mtoto kabla ya yako na ya bibi. Siku hiyo bado. Siku ya kwanza ni ya kukaa chini, kumwambia mama mkwe ulikuwa wapi usiku ule, lote, na kunyamaza akilia. Mkubwa akijificha nyuma ya mlango muache, atatoka mwenyewe.

Halafu omba kumbeba mdogo, na umuulize bibi yake wamekuwa wakimwita nani.