Kwa Binti Aliyeniuliza Kama Amngoje Baharia Wake

Wiki iliyopita binti mmoja wa Kisauni aliniandikia kwamba mchumba wake yuko melini, muda wa mkataba umepita na hajarudi, je, amngoje? Nami niliwahi kuulizwa swali hilo na ukoo mzima.

Wangu aliondoka Novemba 2019 kwa mkataba wa miezi tisa, posa yake ikiwa imekwisha kukubaliwa. Korona ikazuia mabaharia kubadilishana zamu, na kufikia mwisho wa 2020 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO) lilikadiria kwamba wapatao 400,000 walikuwa wamekwama melini baada ya mikataba yao kwisha. Yeye alikaa miezi kumi na sita, ilhali Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 hauruhusu hata mwaka mmoja kutimia bila likizo. Wakala aliyempeleka aliacha kupokea simu zangu.

Kilichoniuma zaidi ni shangazi yangu kusema mbele ya wageni kwamba baharia ana mke kila bandari. Ikaletwa posa nyingine, ya mwenye duka. Nikaikataa, nikanuniwa nyumbani miezi mitatu. Kauli ile haijanitoka moyoni hadi leo, wala sijutii nilivyojibu.

Ujumbe wake ulifika meli ilipokaribia nchi kavu tu, na nyakati nyingine wiki tatu zilipita kimya. Sikukihesabu kimya kile kuwa usaliti, kwa kuwa kila usiku niliitazama meli yake kwenye tovuti inayoonyesha vyombo vilipo, nikijua kama imetia nanga nje ya Singapore au ingali njiani. Alirudi Machi 2021, mwezi wa Shaabani. Nilivuka feri ya Likoni alfajiri kwenda kumpokea uwanja wa ndege, na nikahi ikafungwa kabla ya Ramadhani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mngoje, lakini ngoja kwa macho wazi. Mwombe nakala ya mkataba na nambari ya IMO ya meli, yenye tarakimu saba, ambayo haibadiliki hata chombo kikibadilishwa jina au bendera. Ngoja kwa subira, na kwa mwenendo wako uwafunge midomo wanaokusimanga. Uaminifu hauna nusu: anayemngoja mwenziwe huku akipokea salamu za mwingine hajangoja. Na posa zikija, umweleze mwenyewe mapema. Mimi nilimficha, akaja kuzisikia barazani kwa watu, na ilituchukua muda mrefu kulizungumza jambo hilo bila machozi.