Ukienda Tendaguru, usitegemee kumkuta mjusi

Nikishasema kwetu ni Lindi, haupiti muda nitaulizwa habari za mjusi, yule dinosaria wa kale ambaye mifupa yake ilichimbwa huku kwetu, Tendaguru. Yuko wapi, ana ukubwa gani, na mtu akitaka kwenda kumwona afanyeje? Huwa nawajibu waende, ila wajue kabisa kwamba mjusi mwenyewe yuko Berlin. Tendaguru utakuta kilima, miombo, nyasi zinazokupita kimo na mashimo ya zamani ambayo mvua zimeyafukia. Mgeni aliyekuja na picha ya makumbusho kichwani huishia kumnunia mwenyeji wake, kana kwamba yeye ndiye aliyeuza mifupa.

Kwa hiyo soma kabla hujafunga begi, maana bila habari zake pale ni porini tu. Mwaka 1906 Bernhard Sattler, mhandisi wa madini wa Kijerumani, alionyeshwa mifupa mikubwa iliyochomoza ardhini. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin ikaleta msafara wa kuchimba. Maandishi mengi yanawataja Janensch na Hennig, waliouongoza. Walioshika sururu ni watu wa huku, na kuna kipindi walifika karibu 500, mnyapara wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha 1907, juzi tu, na njaa yake ilikuwa haijasahaulika. Mifupa ilifungwa, mingine kwa mianzi na udongo, ikabebwa kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi. Zilitoka zaidi ya tani 200. Yule mrefu kuliko wote alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na kimo chake ni mita 13.27, sawa na jengo la ghorofa nne.

Kuna majina mawili ningekushauri uyaandike kwenye simu. Mwaka 2007 wanasayansi walimwita mmoja wa wanyama wale Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa ajili ya kabila la Wamwera na Mohammadi Keranje, aliyesimamia kuchimbwa kwake. Niliwahi kulitaja hilo la pili barazani. Mzee mmoja akaniambia, "Hebu rudia, mwanangu." Nikarudia. Akaniambia tena nirudie taratibu, kisha akamwita mjukuu wake aje na daftari la shule aliandike. Kabla ya hapo tulikuwa tunaongelea bei ya korosho. Baada ya hapo nilielezwa njia waliyopita wapagazi, na nani katika ukoo gani alisimuliwa nini na babu yake. Hayo ndiyo ya kufuata Tendaguru, na huyapati kwa kupanda kilima ukapiga picha ukashuka.

Safari yenyewe ifanye kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Masika yakishika, udongo wa huku hauna huruma na tairi, na hata barabara kuu ya Dar haiaminiki: Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliikata upande wa Kilwa, watu wakakwama na mabasi yao. Lala Lindi mjini, uondoke alfajiri. Kilima kiko kaskazini-magharibi ya mji, kama kilomita 60 ukipima moja kwa moja, na barabara haiendi moja kwa moja. Gari liwe la juu. Kama ni bodaboda, chukua kijana wa upande wa Mipingo, anayejua njia ipi imefungwa na miti iliyoanguka. Mjini wengi watakwambia wanapajua. Muulize utapita vijiji gani. Akianza kubabaika, tafuta mwingine.

Vaa suruali ndefu na mikono mirefu hata kama jua linawaka, na sababu ni upupu. Kiangazi maganda yake yanakauka na vile vinyweleo vya rangi ya kahawia vinapeperuka kwa upepo kidogo tu. Vikikupata, usijikune na usikimbilie maji. Wenyeji hujisugua kwa majivu au udongo mkavu. Beba maji yako ya kunywa, na kama utalala kijijini, chandarua. Waingereza walipokuja kuchimba zamu yao, 1924 hadi 1931, kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, aliugua malaria akafariki Lindi mwaka 1925. Louis Leakey, huyu tunayemjua kwa mabaki ya binadamu wa kale ya Olduvai, alikuwa naye mwanzoni akiwa kijana mdogo kabisa.

Ukifika kijijini, nenda moja kwa moja kwa mwenyekiti au mtendaji, usaini kitabu cha wageni, useme umefuata nini. Usianze na kamera. Watu wameona wageni wengi wakija na kuondoka bila kuaga, na suala la kumrudisha mjusi limefika mpaka bungeni zaidi ya mara moja, kwa hiyo utaulizwa kama umetumwa na serikali. Jibu ukweli. Mimi kwa maoni yangu, kabla ya kugombania mifupa yote irudi, ningependa kwanza barabara ya maana na nyumba ndogo ya kumbukumbu yenye picha za wachimbaji na majina yao. Si kila mtu kijijini anakubaliana nami.

Kilimani, mwenyeji wako anaweza kukuonyesha kipande cha mfupa. Kwa mbali ni jiwe la kijivu. Tazama pale kilipovunjika: utaona vitundu vidogo vilivyosongamana, ambavyo jiwe la kawaida halina. Kishike, kitazame, ukirudishe palepale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda mabaki ya namna hii, na ukimpa mtoto hela kwa kipande kimoja, kesho watoto kumi watakuwa wanachokoachokoa kilima.

Ukikaribishwa chakula, kula. Ming'oko ya kuchemsha ikiletwa, usiiangalie kwa mashaka. Ni mizizi ya porini, inashibisha, na aliyeichimba ametoka jasho.

Malipo ya kukuongoza mkubaliane asubuhi mbele ya mwenyekiti, siyo jioni mkiwa mmechoka. Na picha za wazee usiishie kuahidi. Zisafishe mjini kwenye karatasi, kwa sababu wengi wao hawana simu za kufungulia picha, uzifunge kwenye bahasha yenye majina, umpe yule yule kijana wa bodaboda pamoja na nauli yake.