Historia ya kijamii ya mgonjwa isiishie kwenye sigara na pombe

Swali: Nafundisha udaktari mwaka wa 3. Wanafunzi wangu wanayajua kwa moyo mambo ya kijamii yanayoamua afya: kipato, makazi, elimu, ajira. Wakifika wodini wanaandika "mtoro wa dawa", basi. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, lifunge somo kwenye faili la mgonjwa mmoja. Anza na kifua kikuu. Dawa zake ni bure katika vituo vya serikali, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kusingizia bei ya dawa.

Wape kisa kwenye karatasi: kibarua wa ujenzi, wiki ya 6 katika tiba ya miezi 6, amekosa dawa siku 9. Makundi ya watu 5, dakika 40. Kwanza wapige hesabu: nauli ya kwenda na kurudi, mara safari zilizobaki, jumlisha ujira wa kila siku anayokosa kazi. Watumie nauli halisi za mji wenu. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa kaya imeelemewa gharama zote za ugonjwa zikizidi asilimia 20 ya kipato cha mwaka. Tena, anayehesabiwa kupotea kwenye matibabu ni aliyekatiza tiba miezi 2 mfululizo au zaidi, kwa hiyo huyu hata hajafika huko.

Halafu njaa, na hapa usiharakishe. Ukimuuliza mgonjwa "unakula vizuri?" atakujibu "ndiyo, daktari". Wafundishe kuuliza: "Jana ulikula mara ngapi? Ulikula nini kabla ya kulala?" Wengi huruka vidonge siku isiyo na chakula kwa sababu vinawachefua. Lakini wasikimbilie umaskini wakasahau ini: kichefuchefu chenye macho ya njano au mkojo mweusi ni sumu ya dawa kwenye ini mpaka vipimo viseme vinginevyo, na dawa husimamishwa.

Ziara ya nyumbani huharibika kundi zima likivamia na makoti meupe. Majirani wanajua papo hapo. Waende 2 tu, bila makoti, pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mgonjwa awe ameridhia.

Kisichotahiniwa hakisomwi. Weka kituo cha dakika 8, yaani sehemu moja ya kupimwa, kwenye mtihani wa vitendo: alama 1 kwa kutaja kikwazo, 3 kwa kubadilisha mpango, mfano kumhamishia kliniki iliyo karibu na kazini kwake, au dawa nyumbani chini ya msimamizi aliyemchagua mwenyewe. Anayeishia kwenye "ale mlo kamili" asipate kitu.