Kabla Hujanunua Mkoba wa Wakili

Juzi usiku nimepata ujumbe wa kijana aliyechaguliwa kusoma sheria hapa Dar. "Shikamoo dada. Hongera kwa kuapishwa kuwa wakili. Mimi nina laki tatu na nusu tu ya maandalizi, baba kauza mbuzi. Ninunue nini?"

Nilicheka, halafu kicheko kikakatika. Mimi niliingia chuo na laki saba, na bado nikala sapu, yaani nilifeli somo nikarudia mtihani.

Ilikuwa 2017. Mama yangu anauza vitumbua Mbagala, na siku majina yalipotoka alichukua nyundo akavunja kibubu. Tukahesabia mkekani, sarafu upande mmoja, noti upande mwingine, laki saba na chenji. Akanikabidhi zote. "Nenda kanunue vitu vya uanasheria." Yeye hakujua vitu vya uanasheria ni vipi. Na mimi sikujua, ila sikumwambia.

Kesho yake nikawa Kariakoo. Kitu cha kwanza kununua, msinicheke, kilikuwa mkoba. Ngozi ya bandia, rangi ya kahawia, kifungio kinang'aa kama dhahabu, elfu arobaini na tano. Nilikuwa sina hata daftari la kuweka ndani. Nilijiona tu nashuka kwenye daladala pale Mlimani nimeushika, watu wananipisha.

Cha pili laptopu, laki nne na nusu, iliyotumika. Muuzaji aliiwasha ikiwa kwenye waya, ikawaka vizuri, nikalipa. Haikunijia kumwambia achomoe. Nyumbani ndipo nikagundua kuwa ukichomoa inakaa dakika kumi na tano, inazima. Mwaka wote wa kwanza nilikuwa mtu wa kugombea viti vya karibu na soketi.

Cha tatu ndicho kilichoniumiza. Kaka mmoja aliyekuwa amemaliza mwaka wa nne alikuwa anauza furushi la sheria alizotoa kopi na kuzibana spairo: Kanuni ya Adhabu, Mikataba, Ardhi, Mwenendo wa Madai, Ushahidi, karibu zote. Akaniambia, "Mdogo wangu, hapa miaka minne hununui tena kitu." Laki moja na themanini. Niliona nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mwaka wa tatu tukafika kwenye Ushahidi. Likaja swali la mtihani: mtoto wa miaka tisa ameona mtu akiiba dukani, anaitwa mahakamani, ushahidi wake upokelewe vipi? Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi nilikuwa nimekikariri hadi nukta. Nikaeleza jinsi hakimu anavyopaswa kumhoji mtoto kwanza, ajue kama anaelewa maana ya kiapo, na kama haelewi, ajiridhishe kuwa ana akili ya kutosha na anajua wajibu wa kusema kweli. Kurasa tatu. Nilitoka pale natembea kwa mikogo.

Kumbe Bunge lilishabadilisha. Kwa Sheria Na. 4 ya 2016, mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kabla ya kuanza anapaswa kuahidi kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Yale mahojiano niliyoyapamba kurasa tatu hayakuwemo tena. Kopi yangu ilidurufiwa kabla ya mabadiliko, na mimi niliinunua 2017, tayari imekufa.

Mwalimu aliisema darasani? Aliisema. Siku hiyo sikuwepo, mama alikuwa mgonjwa na mimi ndiye niliyekaanga vitumbua. Wenzangu waliniambia nipitie madaftari yao. Nikajibu, "Sheria yenyewe ninayo nyumbani."

Nikapata sapu. Wenzangu wakaenda likizo, mimi nikarudi kufanya mtihani. Mama aliponiuliza nilimdanganya kwamba kuna kazi ya maktaba. Kama dada yangu atamsomea haya, basi mama, nisamehe, haikuwa maktaba.

Yule kaka aliyeniuzia furushi nilikuja kukutana naye mahakama ya Kisutu, nikiwa mafunzo ya vitendo. Nikamweleza, nusu utani nusu kweli. Akanitazama: "Kwani mimi ndiye Bunge?" Akaingia zake mahakamani. Jibu lake ni sahihi kabisa kisheria, na ndiyo maana mpaka leo linanichoma.

Sasa wewe kijana wa mbuzi, nisikilize.

Laki tatu na nusu inakutosha, tena inabaki. Usinunue leo sheria utakayoisoma mwaka wa tatu. Sheria si sufuria, haikai kabatini ikikungoja. Nunua, au toa kopi, za muhula ulio mbele yako tu: Katiba ya 1977, Sheria ya Mikataba Sura ya 345, Kanuni ya Adhabu Sura ya 16, kutegemea ratiba yenu. Na kabla ya kutoa hata senti ingia TanzLII, tovuti ya sheria za Tanzania. Sheria zipo, hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zipo, bure, unapakua kwenye simu. Gharama yako ni bando na kopi.

Halafu angalia toleo. Narudia, angalia toleo! Tangu tarehe 1 Julai 2025 linalotumika ni Toleo la 2023 la sheria zilizorekebishwa, limechukua nafasi ya lile la 2002, na vipo vifungu vilivyohama namba. Maana yake mafurushi yote ya makaka na madada waliomaliza, hata yangu, ni ya kufungia karanga. Atakuja mtu atakuambia anakuuzia kwa bei ya ndugu. Mwambie asante kaka, pita. Na ukishatoa kopi yako andika kwa peni juu ya jalada tarehe uliyoipakua. Mimi siku hizi naandika hata kwenye zile za ofisini, wenzangu wananiona nina kichaa.

Zile kalamu za rangi mnazozipenda, zinunue mbili zinatosha. Wapo walimu wanaoruhusu kuingia na sheria kwenye mtihani, mradi iwe safi, haina maandishi. Jirani yangu alinyang'anywa yake mlangoni, ilikuwa kama kanga ya harusi. Uliza kwanza.

Laptopu, kama ipo, ipo. Kama haipo, anza na simu na maktaba, utanunua bumu, ule mkopo wa wanafunzi, likitoka. Siku ya kununua, chomoa waya mbele ya muuzaji, kaa nayo nusu saa unaandika. Akinuna, mwache anune.

Suti nyeusi mwaka wa kwanza ya nini? Siku ukihitajika kujenga hoja kwenye mahakama ya mfano, ile ya mazoezi chuoni, utapata soko la Mchikichini, mtumba mzuri, fundi akuminyie kiuno. Shati jeupe moja.

Kitu kimoja tu ndicho nitakuomba usikionee ubahili: kauntabuku. Kwaya tatu, jalada gumu. Hiyo ni ya kesi peke yake. Kila kesi ukurasa wake: nini kilitokea, mahakama iliulizwa nini, ikajibu nini, kwa sababu gani. Ya kwanza kuandika kwenye yangu ni ya Holaria Pastory, ya 1990, Mahakama Kuu Mwanza. Mwanamke wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, mtoto wa ndugu yake akamshitaki kwamba kwa mila mwanamke hauzi. Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inagongana na haki za usawa zilizoingizwa kwenye Katiba, mwanamke auze kama mwanamume anavyouza. Niliisoma kwenye daladala la Mbagala nimesimama, nikafika mwisho wa gari bila kujua. Siku ile ndiyo niliyoanza kusoma sheria kwelikweli, nikiwa na daftari la elfu chache na peni ya kuazima.

Vijana mnapenda kufanana na mawakili mapema mno. Mnapiga picha na vitabu ambavyo hamjavifungua. Najua, nilikuwa mimi. Mzazi kauza mbuzi halafu wewe unanunua kifungio cha dhahabu!

Kauntabuku yangu bado ninayo, na siazimishi, msiniombe. Mkoba nao upo, Mbagala. Kifungio kilibabuka zamani, mama anatunzia humo daftari la wanaodaiwa vitumbua.