Toleo linafikia mwisho wa muda wake: kulipia nyongeza au kupanda sasa?

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba mtoa huduma wenu wa wingu amewatumia barua pepe mbili: moja inasema toleo la Kubernetes (mfumo unaoendesha programu zenu kwenye kundi la mashine) mnalotumia linakaribia mwisho wa muda wake wa msaada, na nyingine inasema hivyo hivyo kuhusu hifadhidata yenu ya PostgreSQL 13. Unauliza kama si busara kulipia muda wa nyongeza na kuacha mambo yalivyo, kwa kuwa timu ni ndogo na mfumo hausumbui, na mchangiaji mmoja amekwisha kukushauri usiguse kinachofanya kazi. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutunza mifumo ya namna hii ndani ya timu za wasanidi programu, na ushauri wangu ni tofauti: pandeni sasa, yaani hamieni toleo jipya zaidi, na nyongeza mlipie tu ikiwa mnanunua muda wa kumalizia kazi ambayo tayari ina tarehe na mwenye kuifanya.

Kutogusa kunawezekana kwenye seva uliyonunua mwenyewe na kuifungia chumbani. Katika wingu, mtoa huduma husasisha sehemu yake mtake msitake: mashine za chini, tabaka la udhibiti la klasta (sehemu inayoongoza kundi zima la mashine), na viraka vya usalama vya hifadhidata ndani ya dirisha la matengenezo. Kwenu hubaki matoleo makuu, nodi (mashine zinazobeba programu), manifesti (mafaili yanayoeleza kinachopaswa kuendeshwa), maktaba za programu na mipangilio. Mfumo utabadilika kwa vyovyote vile. Mnachoweza kuchagua ni siku ya mabadiliko hayo na nani atakuwa macho siku hiyo.

Nyongeza nayo si bure. Kwenye EKS, huduma ya Kubernetes ya Amazon, kwa mfano, klasta iliyo katika muda wa kawaida hutozwa dola 0.10 kwa saa, na ikiingia katika muda wa nyongeza hutozwa dola 0.60, yaani kutoka takribani dola 73 kwa mwezi hadi takribani dola 438 kwa kila klasta, kabla hamjahesabu nodi hata moja. Nyongeza hiyo hudumu miezi 12, kisha klasta hupandishwa toleo na mtoa huduma mwenyewe. Gharama kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haionekani kwenye ankara. Kubernetes hutoa matoleo matatu kwa mwaka, kila moja likihudumiwa kwa takribani miezi 14, na tabaka la udhibiti hupandishwa toleo moja baada ya jingine bila kuruka. Timu iliyokaa miaka miwili bila kupanda inakuta matoleo sita mbele yake, na kila moja lina orodha yake ya vitu vilivyoondolewa. Kubelet, programu inayosimamia kila nodi, inaruhusiwa kuwa nyuma ya tabaka la udhibiti kwa matoleo matatu tangu 1.28, jambo linalopunguza idadi ya mara za kubadilisha nodi, lakini halipunguzi kazi ya kusoma na kupima.

Kabla ya kupanda, tafuteni nani ndani ya klasta bado anatumia violesura (API, yaani njia za programu kuiagiza Kubernetes) vitakavyoondolewa. Toleo la 1.22 la mwaka 2021 liliondoa Ingress za v1beta1 (muundo wa zamani wa kanuni za kuelekeza maombi yanayotoka nje), na 1.25 likaondoa PodSecurityPolicy (masharti ya usalama ya podi, vile vipande vya programu vinavyoendeshwa kwenye nodi); mara zote mbili tangazo lilikuwa limetolewa mapema sana, na bado timu nyingi zilishtukizwa. Msitegemee kutafuta maneno kwenye hazina ya msimbo peke yake, kwa sababu wanaoita violesura vya zamani mara nyingi ni vidhibiti (programu zinazojiendesha ndani ya klasta) vilivyosakinishwa zamani na mtu ambaye hayupo tena kwenye timu. Seva ya API yenyewe hutoa kipimo kiitwacho apiserver_requested_deprecated_apis, chenye lebo ya removed_release inayotaja toleo ambalo kiolesura hicho kitaondolewa. Kipimo hicho hakitaji jina la mwitaji. Jina mtalipata kwenye kumbukumbu za ukaguzi, ambako maombi ya namna hiyo huwekewa alama ya k8s.io/deprecated pamoja na maelezo ya programu iliyoyatuma.

Kama mnatumia Helm, kisakinishi cha programu za Kubernetes, kuna jambo moja linalowatesa watu wengi na ambalo ningependa mlijue mapema. Helm huhifadhi ndani ya klasta manifesti ya toleo lililosakinishwa mara ya mwisho, na wakati wa kusasisha huilinganisha na mpya. Ikiwa ile ya zamani ina kiolesura kilichokwisha kuondolewa, kusasisha kutakataa hata kama chati mpya (kifurushi cha Helm) imerekebishwa kikamilifu, na ujumbe wa kosa utalalamikia vitu ambavyo havimo kabisa kwenye mafaili mnayoyasoma. Programu-jalizi ya mapkubeapis hurekebisha kumbukumbu hiyo iliyohifadhiwa. Sasisheni chati zote kabla ya kupandisha klasta, nanyi hamtaihitaji.

Jambo jingine ni kuhamisha podi kutoka nodi za zamani. Katika timu moja niliyofanya nayo kazi, zoezi la kubadilisha nodi lilisimama kwa saa nyingi bila kosa lolote kuonekana. Nodi moja ilikataa tu kumaliza kujiondoa. Tulipoangalia matukio ya podi zilizobaki humo tukakuta huduma ndogo ya kutuma barua pepe yenye nakala moja tu, huku PodDisruptionBudget yake (sharti la nakala ngapi zibaki podi zinapohamishwa) ikidai kwamba lazima nakala moja iwe hewani wakati wote. Masharti hayo mawili yakiwekwa pamoja, hakuna podi inayoweza kuondolewa kwa hiari, na mfumo unatii ulivyoagizwa. Tiba ni kuongeza nakala ziwe mbili, au kuandika sharti kwa maxUnavailable ya 1 badala ya minAvailable. Pitieni masharti hayo yote siku chache kabla, na hakikisheni kila programu inapopokea ishara ya SIGTERM, inayoitaka isimame, inamaliza maombi iliyonayo ndani ya muda wa neema, ambao kwa kawaida ni sekunde 30.

Sasa hifadhidata, ambayo ndiyo inayonihangaisha zaidi katika maelezo yako. PostgreSQL hutoa toleo kuu moja kila mwaka na kulihudumia kwa miaka mitano. Toleo la 13 lilitoka mwaka 2020 na muda wake ulikoma Novemba 2025, kwa hiyo hata mkilipia nyongeza, viraka mtakavyopata vitatoka kwa mtoa huduma, wala si kwa wanaoiandika PostgreSQL. Tofauti na Kubernetes, hapa mnaweza kuruka: pg_upgrade, chombo chake cha kupandisha toleo, huweza kutoka 13 hadi 17 kwa hatua moja, ingawa mtazame kwanza orodha ya matoleo ambayo mtoa huduma wenu anayaruhusu. Kuruka huko ni salama kwa muundo wa data. Panapohitaji uangalifu ni pembeni mwake.

La kwanza ni takwimu ambazo mpangaji wa maulizo huzitumia kuchagua njia. Kabla ya toleo la 18, pg_upgrade haikuzibeba. Hifadhidata huamka ikiwa nzima, majaribio ya kuunganisha yanafaulu, watu wanapongezana, halafu ulizo lililokuwa likijibiwa papo hapo linaanza kusoma jedwali zima kwa sababu mpangaji hajui tena ukubwa wa kitu chochote. Amri ya ANALYZE, inayokusanya takwimu hizo upya, lazima iendeshwe mara tu baada ya kupanda, kabla ya kufungulia watumiaji, na muda wake uhesabiwe ndani ya dirisha la matengenezo. La pili ni viendelezi, hasa PostGIS (ya data za kijiografia) kama mnaitumia, ambavyo vina matoleo yao na havijisasishi kwa sababu hifadhidata imepanda. La tatu ni mpangilio wa herufi: maktaba ya mfumo endeshi inapobadilisha kanuni za kupanga maneno, kama glibc ya Linux ilivyofanya katika toleo la 2.28, faharasa za maandishi zilizojengwa kwa kanuni za zamani zinaweza kutoa majibu yasiyo sahihi hadi zijengwe upya kwa REINDEX. Kosa hilo halipigi kelele, na ndiyo maana nalitaja.

Mtauliza kuhusu kurudi nyuma. Toleo kuu la hifadhidata likishapanda na watumiaji wakaanza kuandika, njia ya kurudi iliyobaki ni nakala rudufu iliyochukuliwa kabla, na kila kilichoandikwa baada yake kinapotea. Kwa mfumo unaovumilia kusimama kwa muda, hilo linakubalika: mnafunga maandishi, mnachukua nakala, mnapanda, mnapima, ndipo mnafungua. Kwa mfumo usiovumilia, jengeni hifadhidata mpya pembeni na kuilisha kwa urudufishaji wa kimantiki (kunakili kila badiliko la data linapotokea) hadi siku ya kuhama. Mkichagua njia hii, kumbukeni kwamba mabadiliko ya muundo wa majedwali hayarudufishwi, kwa hiyo simamisheni uhamiaji wa muundo hadi kazi iishe, na kwamba majedwali yasiyo na ufunguo msingi yanahitaji kuwekewa REPLICA IDENTITY (njia ya kutambua kila safu), la sivyo kusasisha na kufuta safu kutakataliwa. Tena, katika matoleo mnayoyafikiria, thamani za sikwensi (vihesabio vinavyotoa namba za safu mpya) hazibebwi. Mkihamia bila kuzisogeza mbele, safu mpya ya kwanza itapewa namba ambayo tayari ina mwenyewe, na programu itaanza kurudisha makosa ya ufunguo kujirudia dakika ile ile ya kuhama.

Njia yoyote mtakayochagua, fanyeni zoezi zima kwenye nakala ya hifadhidata halisi, yenye ukubwa ule ule, na mpime muda. Mazingira ya majaribio yenye data kidogo yatawaonyesha kama amri zinafanya kazi, lakini hayatawaambia zitachukua muda gani, na muda ndio unaoamua kama mtatangaza dakika kumi au saa tatu.

Kwa Terraform, chombo cha kuandika miundombinu kama msimbo, nitasema machache. Fungeni matoleo ya programu-jalizi zake za watoa huduma na kuweka faili la kufuli kwenye hazina ya msimbo, wekeni prevent_destroy (kizuizi cha kufutwa) kwenye hifadhidata, na someni mpango wote (orodha ya mabadiliko yatakayofanywa) kabla ya kuukubali, hasa mstari wowote unaosema kwamba rasilimali lazima ibadilishwe kwa nyingine. Kama kiraka kidogo kimewekwa na mtoa huduma katika dirisha la matengenezo, andikeni toleo hilo jipya kwenye msimbo siku ile ile, ili mpango unaofuata usijaribu kuishusha hifadhidata.

Barua hizo mbili ulizopokea zingeweza pia kwenda kwenye sanduku la mtu aliyefungua akaunti zamani na kuondoka. Elekezeni taarifa za mtoa huduma kwenye anwani ya kundi, na wekeni kalenda moja yenye mwisho wa kila kitu: klasta, hifadhidata, Python inayohudumiwa miaka mitano, Node.js ambayo matoleo yake ya namba shufwa ndiyo hupata msaada wa muda mrefu, na vyeti vya TLS vinavyolinda mawasiliano ya tovuti, ambavyo muda wake wa juu unashuka kwa hatua hadi siku 47 ifikapo mwaka 2029. Kwa vyeti, anayesasisha kwa mkono aanze sasa kuhamia kwenye usasishaji wa kiotomatiki, kwani kufika huko kazi hiyo haitawezekana tena kwa kukumbuka.

Kwa hali yenu, ningeanza na hifadhidata, kwa kuwa muda wake kwa wanaoiandika PostgreSQL umekwisha kabisa na kurudi kwake ni kugumu, kisha ningeacha wiki kadhaa zipite, zikiwemo kazi za kufunga mwezi, kabla ya kugusa klasta. Kuvipandisha vyote wiki moja kunaonekana kama kuokoa muda, lakini ucheleweshaji ukijitokeza hamtajua mwulize nani kwanza. Ukituwekea hapa ukubwa wa hifadhidata, viendelezi mlivyonavyo, namba ya toleo la klasta, na kama kuna majedwali yasiyo na ufunguo msingi, nitakuandikia mpangilio wa hatua unaolingana na timu ya watu wachache.